Hiki kivuli ni cha saa ngapi? Modeli, mchoro na montaji mezani kwa mwanafunzi wa usanifu majengo

Nilikuwa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, hapa Dar es Salaam, na nilijiona nimemaliza kazi. Mradi wa muhula ulikuwa maktaba ndogo ya shule ya msingi. Shule yenyewe ilikuwepo kweli, na mwishoni tulitakiwa kurudi pale kuwaonyesha walimu tulichobuni. Nikabandika ukutani montaji yangu: picha ya uwanja wa shule, mwembe wao ule ule wanaoufahamu, na pembeni yake maktaba yangu, watoto wamekaa upande wa kaskazini wanasoma kivulini. Ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe. Mwalimu mkuu akaisogelea, akavaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "hiki kivuli ni cha saa ngapi?"

Nikajibu cha mchana. Akauliza cha mwezi gani. Nikanyamaza.

"Maana mimi hapa nina miaka mingi, na upande huo ndio unaowaka jua kuanzia Pasaka mpaka watoto wa darasa la saba wanafanya mitihani."

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekesha siku nne studio kutengeneza picha ya uongo. Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilitumia chombo bila kujua kinapima nini. Hilo ndilo nataka nikueleze leo, hasa kama uko mwaka wa kwanza au una mdogo wako anayekata makadibodi usiku kucha na unajiuliza kwani huyu anasomea nini.

Mwanafunzi wa usanifu ana njia tatu kubwa za kuonyesha jengo ambalo bado halipo. Kuna modeli, yaani jengo dogo la kadibodi, mbao nyepesi au chochote ulichopata. Kuna mchoro: ramani ya sakafu, mkato, mwonekano wa mbele. Halafu kuna montaji, picha inayotengenezwa kwa kuunganisha vipande: picha halisi ya mahali, mchoro wa jengo, watu waliokatwa kutoka picha nyingine, miti, anga. Wengi wanadhani kazi ya vitu hivi ni kupendezesha, kwamba jengo liko kichwani na hivi ni vya kuliuza tu. Mimi naviona kama vipimo, kama ilivyo mizani au kipimajoto. Na kila kipimo kina kitu kinachokipima vizuri, na kina kitu ambacho ukikipima nacho kitakudanganya mchana kweupe.

Mwanga haujui kuwa chumba ni cha kadibodi

Nianze na modeli, maana hapa ndipo penye maajabu.

Chumba changu kikubwa kilikuwa mita 9 kwa 7. Kwa skeli ya 1:20, ambapo sentimita 1 ya modeli ni sentimita 20 za jengo, kinakuwa sentimita 45 kwa 35. Kinaenea mezani na unaweza kuingiza mkono. Sasa swali: ukitoboa dirisha kwenye ukuta wa boksi hilo na kulitoa nje, mwanga utakaoingia ndani utafanana na wa chumba halisi, au utakuwa mwanga wa kichezeo?

Utafanana. Mgawanyo wa mwanga ndani ya modeli nzuri ni ule ule wa jengo lenyewe, bila kurekebisha hesabu yoyote. Sababu yake ni kwamba mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa kiasi cha nusu ya elfu moja ya milimita. Dirisha la mita 1 ni kubwa mno kwa mwanga, na dirisha la sentimita 5 pia ni kubwa mno kwa mwanga. Katika hali zote mbili mwanga unakwenda kwa mstari ulionyooka, unagonga ukuta, unarudi, unagonga dari. Haujali skeli. Sauti, kwa mfano, si hivyo: mawimbi ya sauti ya mtu anayeongea yana urefu unaofikia mita na zaidi, kwa hiyo wanaojaribu kumbi za muziki kwa modeli ya 1:10 hulazimika kutumia sauti yenye marudio mara kumi zaidi, nyembamba kiasi cha sikio kutoisikia. Kwa mwanga tumepewa bure.

Bure, lakini kuna masharti. La kwanza, rangi ya ndani lazima irudishe mwanga kama ukuta halisi utakavyorudisha. Kadibodi ya kahawia itakupa chumba cha giza hata kama umepanga kupaka chokaa nyeupe. Bandika karatasi ya manila ya rangi inayokaribiana. Sakafu ya saruji ni ya kijivu, basi weka kijivu. La pili ni kuziba kona. Mwanafunzi anaunganisha kuta kwa gundi, anaona zimeshikana, kumbe kuna upenyo wa milimita moja kila kona. Kwa 1:20 huo ni ufa wa sentimita 2 kutoka sakafuni hadi darini! Ziba kwa tepu nyeusi kwa nje. Na unene wa ukuta uonekane: tofali la nchi 6 linakula mwanga wa dirisha, karatasi haili.

Kupima unaweza kutumia simu. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure zinazosoma namba yake kwa luksi. Usiiamini namba yenyewe, iamini kama uwiano. Siku ya mawingu, pima nje mahali pa wazi, kisha pima ndani, halafu gawanya. Nje ikiwa 10,000 na ndani 200, chumba chako kinapata asilimia 2 ya mwanga wa nje. Hamisha dirisha, pima tena. Kosa nililofanya mara ya kwanza ni kuilaza simu ndani ya chumba. Simu ya sentimita 16 kwa skeli hiyo ni kitu cha mita 3 na ushee kimelala sakafuni kama gari limeegeshwa maktaba, kinazuia mwanga ninaotaka kuupima. Siku hizi natoboa tundu kwenye sakafu ya boksi na kuibana simu kwa chini, kihisi tu ndicho kichungulie.

Sasa jua. Kwa kuwa jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, miale yake inatufikia ikiwa sambamba, na hapo pana hila nzuri sana: badala ya kungoja jua lihame mpaka mwezi wa sita, unainamisha modeli. Chomeka pini iliyosimama wima kwenye ubao wa modeli, sentimita 3 juu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita, jua la adhuhuri linakuwa kaskazini mwetu, nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, na kivuli cha pini hiyo kingekuwa sentimita 1.7 kuelekea kusini. Basi toka nje muda wowote wenye jua, shika ubao, uinamishe na kuuzungusha mpaka ncha ya kivuli iguse alama hiyo. Tayari, ndani ya boksi lako ni adhuhuri ya mwezi wa sita. Kwa mwezi wa kumi na mbili jua liko kusini, nyuzi 73, na kivuli ni sentimita 0.9 kuelekea kaskazini. Kwa saa kumi jioni ya mwezi wa tatu, kivuli ni sentimita 5 na kidogo kuelekea mashariki. (Saa hapa ni za jua. Saa za ukutani zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki nasi tuko karibu na 39, kwa hiyo jua letu linafika juu kabisa, kwa wastani, dakika ishirini na kitu baada ya saa sita.)

Usifanye jaribio hili kwa taa ya mezani. Taa iko karibu, miale yake inatawanyika kama vidole, na kivuli cha ukuta wa kushoto kitaelekea kushoto huku cha kulia kikielekea kulia.

Nilipoinamisha boksi langu kwa mara ya kwanza, wiki moja baada ya aibu ile ya shuleni, nilichungulia kwenye mlango nikaona kile mwalimu alichokuwa anakiona kila mwaka. Ubao mrefu wa jua ulikuwa umelala juu ya meza za kusomea, upande wa kaskazini, pale pale nilipowachora watoto kivulini.

Kosa langu lilitoka wapi? Kwenye vitabu. Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa Ulaya na Marekani, na huko jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Kaskazini ni upande wa mwanga mtulivu na baridi, upande wa studio za wachoraji. Nikalibeba hilo kama lilivyo. Lakini kwa Dar es Salaam, jua la adhuhuri liko kaskazini kuanzia mapema mwezi wa tatu hadi mapema mwezi wa kumi, miezi saba. Kusini inapata mitano iliyobaki. Ukiwa Kampala, ambako ni karibu kabisa na ikweta, pande hizo zinagawana mwaka nusu kwa nusu. Ukienda Lubumbashi, kaskazini inazidi zaidi. Hakuna "upande wa kivuli" wa kudumu kwetu. Kuna miezi ya kivuli.

Pale ambapo modeli hulaghai

Baada ya mwanga, mwanafunzi hunogewa. Anaweka kidole juu ya paa la modeli, anabonyeza, halivunjiki, anasema muundo uko imara. Hapana. Hapo modeli inakudanganya vibaya.

Galileo alilieleza jambo hili kwenye kitabu chake cha 1638, akitumia mifupa ya wanyama. Ukikuza kitu mara 20 kila upande, uzito wake unafuata ujazo, kwa hiyo unaongezeka mara 20 × 20 × 20, yaani mara 8,000. Lakini nguvu ya mfupa au nguzo kubeba inafuata eneo la mkato wake, linaloongezeka mara 400 tu. Kwa hiyo jengo halisi, likiwa la vitu vile vile, linabeba uzito wake kwa shida mara 20 kuliko modeli. Paa langu la vijiti vya mishikaki na chelewa lilisimama bila wasiwasi likivuka sentimita 35. Hilo halikuniambia chochote kuhusu mbao za kuvuka mita 7.

Upepo nao ni hivyo hivyo. Studio kuna mchezo wa kuchoma udi na kuupitisha kwenye dirisha la modeli kuona moshi unatokea wapi. Unavutia, na chumba kinanukia kama harusini. Ila hewa ina unato, na kwa kitu kidogo unato huo unatawala zaidi. Ili mtiririko wa modeli ya 1:20 ufanane kabisa na wa jengo, inabidi upepo uende mara 20 kwa kasi. Upepo mtamu wa mita 2 kwa sekunde unageuka mita 40 kwa sekunde, kilomita 144 kwa saa. Boksi litaruka na udi wake. Kona kali za majengo hupunguza tatizo hilo kiasi, kwa hiyo moshi unaweza kukudokeza kwamba hewa inakwama kona fulani. Udokezwe tu, usiandike namba. Joto ndilo la kusahau kabisa: kadibodi haiwezi kukwambia lolote kuhusu bati la saa nane mchana.

Je, modeli ndogo haiwezi kamwe kusema kweli kuhusu muundo? Inaweza, ukiiuliza swali sahihi. Antoni Gaudí, msanifu wa Barcelona, alipewa mwaka 1898 kazi ya kubuni kanisa la kijiji cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, Colònia Güell. Ujenzi haukuanza hadi 1908. Sehemu kubwa ya miaka ile kumi ilikwenda kwenye modeli ya ajabu: kamba zilizoning'inia kutoka darini, zikiwa na vifuko vidogo vya risasi, kwa skeli ya 1:10 kwa urefu na 1:10,000 kwa uzito. Kanuni yake Mwingereza Robert Hooke alikuwa ameitangaza tangu 1675. Kamba inayoning'inia imevutwa kila mahali na haijabanwa popote, kwa hiyo ukiligeuza umbo lake juu chini unapata tao ambalo limebanwa kila mahali na halivutwi popote, na mawe na matofali ndicho wanachokitaka. Gaudí hakuiuliza modeli yake "utavunjika?" Swali hilo lingeharibiwa na skeli. Aliuliza "umbo lako ni lipi?", na umbo la kamba linategemea uwiano wa mizigo tu. Kamba ya mita 1 na mnyororo wa mita 10 vinainama kwa umbo lile lile mizigo ikigawanywa vile vile.

Halafu fundi yule akafanya kitu kinachonifurahisha hadi leo. Aliipiga picha modeli, akaigeuza picha juu chini, akapaka rangi juu yake: kuta, madirisha, mwanga. Modeli, mchoro na montaji kwenye karatasi moja, na kila mstari chini ya rangi umetoka kwenye kamba iliyopimwa. Kanisa halikukamilika, ilijengwa sehemu ya chini tu, lakini hiyo iliyojengwa bado imesimama na watu wanaitembelea.

Mchoro, kwa kifupi

Kuhusu mchoro sitasema mengi, kwa sababu watu wengi tayari wanauheshimu. Nina ombi moja tu: acha kuabudu ramani ya sakafu, upende mkato.

Mitaani tukisema "nichoree ramani" tunamaanisha vyumba vimekaaje ukitazama kutoka juu. Mkato ni kama umelikata jengo kwa kisu cha mkate na kutazama ubavuni. Nenda Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lile lililoungua Julai 2021. Nguzo zake kubwa za zege zinapanuka juu kama miamvuli. Kwenye ramani, mwamvuli wa zege ni kimraba kidogo na mistari ya nukta kuzunguka. Hujaona kitu. Kwenye mkato unaona papo hapo paa linabebwaje, mwanga unashukia wapi, na mtu mwenye kapu la nyanya amesimama chini ya nini.

Na mkato ndio unaotibu kosa kama langu, bila kompyuta. Chukua kipimapembe, chora mstari wa nyuzi 60 kutoka ukingo wa paa upande wa kaskazini, uone unagusa wapi. Kwa uwazi wenye kimo cha mita 2.1, paa likitokeza mita 1.2 nje ya ukuta, jua la adhuhuri ya mwezi wa sita linaishia kizingitini. Kusini, kwa nyuzi 73, mita 0.6 zinatosha kwa mwezi wa kumi na mbili. Sasa jaribu magharibi, saa kumi jioni, nyuzi 30: unahitaji paa linalotokeza zaidi ya mita 3 na nusu. Ndiyo maana huko hatushindani kwa paa, tunaweka ukuta, mti au matofali ya matundu. Trigonometria ya sekondari, dakika tano. Mimi nilikuwa na dakika hizo tano. Nilizitumia kutafuta picha ya mtoto anayesoma.

Montaji: picha moja, jua moja

Tumefika kwenye chombo chenye nguvu kuliko vyote, na chenye hatari kuliko vyote. Modeli inahitaji mtu aiiname aichungulie. Mchoro unahitaji mtu anayejua kuusoma. Montaji haihitaji chochote. Mzazi, diwani, mfadhili, wote wanaisoma kama picha, na picha tumezoea kuiamini. Ludwig Mies van der Rohe alilijua hilo mwaka 1921, alipoweka mnara wa kioo katikati ya picha ya mtaa wa Friedrichstrasse, Berlin: nyumba za kawaida nyeusi na nzito pembeni, mnara ukimeremeta. Haukujengwa kamwe, na bado unafundishwa vyuoni miaka mia baadaye. Picha ile haimwambii mtu ndani ya kioo chote kile kungekuwa na joto gani mchana wa kiangazi, na hakuna anayeiuliza.

Ili montaji iwe ushahidi lazima vipande vyake vyote vikubaliane kwenye mambo matatu, na hapa nitaichambua yangu mwenyewe bila huruma.

Upeo wa macho. Kwenye uwanja tambarare, mstari wa upeo unapita kwenye kimo cha kamera, kwa kila kitu, kiwe karibu au mbali. Ukipiga picha kamera ikiwa mita 1.6 kutoka chini, kila mtu mzima mwenye macho ya kimo hicho ataguswa na mstari huo machoni, hata awe mita 5 au 50 mbele yako. Miguu ndiyo inayopanda na kushuka kwenye picha, macho yanabaki pale pale. Kutoka hapo unapata rula ya bure: popote kwenye picha, umbali kutoka ardhini hadi mstari wa upeo ni mita 1.6. Mtoto wa mita 1.2 anafika robo tatu ya umbali huo. Mlango wa mita 2.1 unauzidi kwa kama theluthi. Watoto wangu mimi vichwa vyao vilikuwa kwenye mstari! Nilikuwa nimetengeneza watoto wa darasa la pili wenye kimo cha mita 1.6, na pembeni yao maktaba ikaonekana kama banda la kuku. Wauzaji wa nyumba wanaijua hila ya kinyume, wanapunguza watu ili sebule ionekane ukumbi. Siku nyingine ukiona tangazo la nyumba, pima watu kabla hujapima sofa.

Lenzi. Kamera kuu ya simu inaona pana, na ile ya pili yenye alama ya 0.5 inaona pana zaidi na kuvuta pembe za picha. Kama jengo ulilichora kwa mtazamo mwembamba na kulibandika kwenye picha pana, litakaa kama stika. Simama mahali unapopajua, pima hatua zako hadi kona ya kiwanja, kisha uchore kutoka hapo hapo. Mimi huwa nasimamisha fimbo ya mita 2 kwenye kiwanja kabla ya kupiga picha, inaniokoa baadaye.

Jua. Picha yangu ya uwanja niliipiga saa tatu asubuhi nikitazama kusini. Ukitazama kusini, mashariki iko kushoto kwako, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka kushoto na vivuli vinalala kulia. Mwembe ulifanya hivyo, wenyewe ni mti, hauna makosa. Watoto niliowatoa kwenye picha ya mbali walikuwa na vivuli kushoto. Na jengo langu nililichora kwenye programu ya kompyuta ambayo sikuiambia liko wapi duniani. Programu za namna hiyo usipoziambia zinajipangia mji wao, na jua lililopaka maktaba yangu lilikuwa la mji ambao sijawahi kufika. Mwembe ulikuwa na jua lake, watoto lao, jengo lake. Majua matatu kwenye karatasi moja ya A1, na jopo letu la studio halikusema neno. Walisifu rangi.

Mwalimu mkuu aliyaona kwa dakika moja. Hakusomea mtazamo wala pembe. Yeye alikuwa amekaa kwenye uwanja ule miaka mingi, basi.

Kwa sasa nina sheria moja ninayoisimamia hata kwa wanafunzi ninaowasaidia studio: kila montaji iandikwe pembeni mwezi, saa, na kamera ilisimama wapi ikitazama wapi. Wengine wananiona mnoko. Wanasema montaji ni sanaa, ni hisia, usiifanye mtihani wa fizikia. Kwa montaji ya kujieleza nakubaliana nao kabisa, changanya majua upendavyo, weka samaki angani. Lakini ile unayoipeleka kwa watu watakaokaa ndani ya jengo ni ahadi. Mtoto atakayekaa kwenye meza ile mwezi wa nane hatakaa kwenye hisia zako.

Kama unataka kujaribu Jumapili hii, huhitaji kungoja bumu liingie. Boksi la kadibodi la dukani, wembe, rula ya chuma, tepu nyeusi, pini, manila mbili. Jenga chumba unacholala, kwa 1:20, dirisha lilipo na kimo chake halisi. Tafuta kaskazini kwa simu, iandike kwenye ubao. Inamisha mpaka kivuli cha pini kiguse alama ya mwezi wa sita, piga picha kwa ndani kupitia mlangoni, kisha fanya ya mwezi wa kumi na mbili. Halafu linganisha na chumba chenyewe miezi hiyo ikifika. Mimi nilifanya hivyo kwa chumba changu cha kupanga nikagundua kwa nini mwenye nyumba aliyekikalia kabla yangu alikuwa amehamishia kitanda kwenye ukuta wa ajabu.

Maktaba nayo niliirudia. Baraza nikaipeleka kaskazini, paa likatokeza mita 1.2, magharibi nikaweka ukuta wa matofali ya matundu. Montaji mpya ilikuwa mbaya kidogo kwa sura, asubuhi ya mawingu mepesi, watoto wa mita 1.2, vivuli vyote kulia kama vya mwembe, na pembeni nimeandika: Julai, saa 3 asubuhi, kamera kaskazini ikitazama kusini. Nikaipeleka shuleni mwenyewe, safari hii bila wenzangu.

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma maandishi ya pembeni kwanza, kisha akatazama mwembe, kisha baraza. Akatikisa kichwa akikubali.

"Hapa sawa," akasema. "Na mvua ya masika je, baraza hii umeipima?"

Kadibodi yangu haikuwa na la kujibu hapo. Nikatoa daftari, akanipeleka nyuma ya darasa la nne kunionyesha alama za maji ukutani.